Kanzu Aliyovaa Mtoto wa Nta

Dagny aliziba pua mlangoni, kabla hata hajaona kitu. Jumba lile la kale la watawa lilikuwa na makumbusho manne chini ya paa moja, ya mavazi, ya shule, ya saa na ya tiba, na yote yalinuka namna moja: spiriti, vumbi, na manyoya ya mnyama aliyekufa zamani. Mwanawe Tove walimwacha uani, kama ilivyo desturi kwao, amelala kigarini, kwenye ule ubaridi unaompa mtoto usingizi mzuri.

"Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?" aliuliza Vibeke, mama mkwe wake.

"Harufu, mama."

"Vijana wa siku hizi! Jumapili mwanao anabatizwa. Tumefuata kanzu, hatukuja kunusa kuta."

Kanzu yenyewe ilikuwa jambo zito. Watoto wa ukoo wa Vibeke walibatizwa nayo kizazi hadi kizazi, na kila mmoja jina lake lilitariziwa kwenye pindo. La mwisho lilikuwa Lisbet, binti wa kwanza wa Vibeke, aliyefariki kabla hajaota jino. Vibeke hakuweza kuiweka nguo ile nyumbani, wala kuitupa hakuweza, akaipa makumbusho ya mavazi. Mume wa Dagny alipozaliwa baadaye alibatizwa kwa nguo ya kuazima. Miaka yote Lisbet hakutajwa, mpaka majuzi, Vibeke alipomshika Tove mguu na kusema angependa kumwona ndani ya kanzu ya Lisbet. Nani angemnyima?

Mlinzi, mzee mmoja mcheshi aitwaye Henning, alitikisa funguo zake.

"Kanzu ile mliyokubaliwa kuichukua? Chini hapa haipo. Wenzetu wa tiba wameiazima. Humu ndani tunaazimana kama majirani na chumvi. Twendeni juu."

Juu, ndani ya kitanda kidogo cha mbao, alilala mtoto wa nta, sanamu ya kufundishia ugonjwa wa ndui. Alikuwa amevaa kanzu yao.

"Huyu ndiye nyota wetu," Henning alijisifu. "Watoto wa shule wanasukumana kumwona. Juzi mmoja katapika palepale uliposimama, mama!"

Dagny alirudi nyuma. Vipele vilikuwa vya gundi iliyotiwa rangi ya manjano, vikimeta kama vibichi. Gundi nyingine ilikuwa imechuruzika shingoni ikagandia kola ya lesi. Mikono ya kanzu ilikuwa myeusi kwa vidole vya wapita njia, na chini ya pindo mtu alikuwa amebandika chingamu yenye alama za meno.

Vibeke alinyoosha mkono, ukafika nusu, ukarudi.

"Siwezi kumgusa," alinong'ona.

Basi Dagny akamvua. Nta ilikuwa imelainishwa na joto la taa, inanata kama ngozi yenye homa. Kipele kimoja kilibanduka kikamganda kwenye kidole gumba. Kola iliachia shingo kwa mlio wa plasta ing'olewayo kwenye kidonda. Na pindo, kumbe, walilikunja na kulibana nyuma kwa pini. Pini moja yenye kutu ilikuwa imepita katikati ya jina la Lisbet.

"Sasa mnaniachia mtoto uchi?" Henning alilalamika. "Kuna darasa linakuja!"

"Mvike koti lako," Vibeke alimjibu. "Sura mnafanana."

Uani Dagny alinawa bombani mpaka mikono ikawa myekundu, ndipo akamgusa mwanawe.

"Nitailoweka," alisema Vibeke. "Maji ya moto na sabuni, mara mbili. Itatakata."

Dagny alilitazama shavu la Tove, laini, lenye tone la maziwa. Akinyamaza sasa, Jumapili atasimama mbele ya mchungaji akiuona usaha kwenye shavu hilo.

"Mama, mimi sitamvalisha."

"Ni uchafu tu. Unatoka."

"Najua unatoka. Ila nikimtazama Tove nitamwona yule wa nta. Nisamehe, mama. Najua ni ya Lisbet."

Vibeke aliketi kwenye benchi. Kanzu ikawa mapajani mwake.

"Nilidhani iko kwenye kabati la kioo," alisema. "Usiku nikimkumbuka, nilikuwa najiambia, angalau nguo yake inatunzwa na watu. Kumbe wanaichezea! Wanaitapikia!"

Akatema mate juu ya mawe ya uani, yeye ambaye hata kupiga chafya hadharani huona haya. Kisha akaanza kuibandua ile chingamu kwa ukucha, polepole, bila kukunja uso.

Dagny aliketi karibu naye. Tove alianza kujinyoosha kigarini.

"Kwa hiyo Jumapili atavaa nini?" Vibeke aliuliza, macho yakiwa kwenye ukucha.

"Gauni alilofuma mama yangu."

"La sufu?" Vibeke aliinua kichwa. "Huyo atajikuna mpaka ampige mchungaji teke. Mtie fulana ya pamba ndani, unasikia?"