Padre Reverien na Ufunguo wa Pili

Padre Reverien nilimtengeneza Jumanne, saa nne asubuhi, pembeni ya kitanda namba saba cha wodi ya wanaume, kwa penseli na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la Kemia. Mwanangu Godson alitaka hivyo. Ana miaka kumi na sita, ana selimundu, na asubuhi ile maumivu yalikuwa yamemwachia nafasi ya kuongea.

Mchezo wenyewe aliutoa Kasulu. Mwezi wa tatu alilazwa kule wiki mbili, na kitanda cha jirani alikuwepo Mulenda, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, mhudumu wa afya aliyevunjika mguu. Ndiye aliyemfundisha. Mmoja anasimulia, mwenzake anaamua mtu wake afanye nini, na kila jambo gumu linaamuliwa na vikaratasi vyenye namba moja hadi ishirini ndani ya kopo tupu la majarini. Ukitoa namba kubwa umefaulu. Ukitoa ndogo umeumia.

"Chagua," Godson aliniambia. "Askari, mwizi, padre au mchawi."

"Padre anafanya nini?"

"Anaponya kwa sala. Ana sala sita."

"Na mwizi?"

"Anafungua makufuli. Anatembea bila kusikika."

"Hadithi yako inahusu nini?"

"Mji una tauni. Dawa zote zimefungiwa kwenye ghala la mfalme."

"Basi nataka padre anayeiba."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama, ukichanganya unapata nusu padre na nusu mwizi. Sala zinakuwa tatu tu. Na kufuli utafungua kwa bahati."

"Andika."

"Halafu kuna sheria ya Mulenda." Akaigiza Kiswahili cha Kongo. "Padre ile akiiba, Mungu yake anafunga sikio. Kitu moja, sala moja. Ni règle, mon petit."

"Mkali huyo Mulenda."

"Alisoma seminari. Wakamfukuza."

"Kwa kosa gani?"

"Hakusema."

Akanipa alama kumi nizigawe. Nguvu nilitia moja, padre habebi magunia. Wepesi mbili. Ulimi saba.

"Saba zote kwenye ulimi? Huyu mwizi gani?"

"Mwizi anakamatwa kwa sababu anavunja. Padre havunji, anaomba ufunguo na anapewa."

Godson alinitazama kidogo. "Hiyo mbaya sana, Mama," alisema, lakini aliandika.

Tulicheza mpaka saa sita. Padre Reverien alimwendea mlinzi wa ghala, akasema amekuja kubariki dawa, akaomba ufunguo. Nikatoa kikaratasi: kumi na tisa. Akatoka na chupa chini ya kanzu. Godson akafuta sala moja, zikabaki mbili, halafu akauliza, "Hiyo chupa ilikuwa ya nani?"

"Ya ghala."

"Kila chupa humo ndani ina mtu anayeisubiri."

"Hukuniambia mwanzoni."

"Hukuuliza."

Uji ukaja, tukaachia hapo.

Hospitali yenyewe ni ya misheni, juu ya kilima nje ya mji wa Kibondo, na dirisha la dawa lilikuwa langu. Dawa kali kama morfini hukaa kwenye kabati la chuma lenye makufuli mawili. Kila ufunguo unatakiwa uwe na mtu wake, ili asiwepo anayeweza kufungua peke yake. Mmoja nilishika mimi. Wa pili alishika Khatibu, muuguzi kiongozi, mtu wa Tanga aliyeletwa huku miaka kumi iliyopita na akagoma kuondoka. Kwa miaka hiyo kumi tulikuwa tumeilegeza sheria. Nikiwa na haraka ananiachia wake, akiwa na haraka namwachia wangu. Tuliona ni jambo la kujivunia, kwamba tunaaminiana.

Alhamisi maumivu yalirudi. Yalianzia mapajani yakapanda mgongoni, na kufika saa tatu usiku Godson alikuwa anauma shuka asipige kelele mbele ya wanaume wenzake. Sindano zilikwisha tangu Jumapili. Vidonge alivyopewa havikumsaidia kitu. Gari la dawa kutoka Kasulu lilikuwa limenasa kwenye tope siku ya pili, na dereva wake, Bazilio, alisema kwenye simu kwamba atafika kesho. Kabatini ilibaki chupa moja ya morfini ya kunywa, na ilikwishaandikwa jina: Niyibizi, mzee wa Murungu, saratani ya koo. Mjukuu wake Félicité huja kuichukua Jumamosi, kila baada ya wiki mbili.

Nilipanga hivi. Leo Alhamisi. Gari linakuja Ijumaa. Binti anakuja Jumamosi. Chupa mpya itakuwa imekaa mahali pa ile kabla hajafika. Hakuna atakayeumia.

Khatibu nilimkuta anasafisha kidonda cha mtu wa bodaboda.

"Kaka Khatibu, naomba ufunguo wako. Nachukua dawa ya kifafa ya wodi ya watoto."

Hakuinua hata kichwa. "Uko mfukoni, mikono yangu michafu. Chukua mwenyewe. Dogo anaendeleaje?"

"Anavumilia."

"Pole, dada. Mungu yupo."

Niliutoa mfukoni mwake kwa mkono wangu. Nikafungua makufuli yote mawili, nikaimimina morfini kwenye chupa tupu ya maji. Ile ya Niyibizi nikaijaza maji ya kuchemsha na kidonge kichungu nilichokisaga, ili Khatibu akifungua aione iko pale, imejaa. Nikamrudishia Khatibu ufunguo wake, kisha nikampimia mwanangu kijiko. Baada ya nusu saa aliliachia shuka. Sitadanganya kwamba nilijuta. Nililala kwenye kiti, usingizi mzima, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Gari lilifika Ijumaa saa nane mchana likiwa na chupa sita. Nilimfuata Khatibu tukazifungie.

"Kabla sijasahau," alisema, "yule binti wa Murungu kaja leo asubuhi. Kapata lifti ya mwalimu mwenye pikipiki. Wewe ulikuwa umelala kitini, nikaona dhambi kukuamsha. Ufunguo wako si ulikuwa juu ya meza? Nikampa chupa yake, kaenda."

Nilichukua chupa moja mpya mbele yake na kutoka. Aliita jina langu mara mbili. Sikugeuka.

Pikipiki ilitumia saa nzima kufika Murungu. Nyumbani kwa mzee nilisikia kitu kinagonga, kama mtu anayetwanga taratibu. Koo lilikuwa limekwisha, hakuwa na sauti ya kulia nayo. Alikuwa amelala ubavu anapiga ukuta kwa kisigino, na udongo ulikuwa umebomoka mahali pale.

Félicité alikuja kunipokea akiwa na kijiko mkononi. "Mwakoze, Mama, mmefika wenyewe," alinishukuru. Alidhani nimetumwa. "Nimempa kijiko kama mlivyonifundisha. Nikampa cha pili. Sasa nimefika nusu ya chupa. Babu ananionyesha kwa mkono kwamba dawa imemkataa. Hataki tena."

"Nimeleta nyingine. Hii ni kali zaidi."

Nilipima, nikampelekea mdomoni. Mzee alifunga meno na kugeukia ukutani. Nilijaribu tena, dawa ikamwagika kwenye kanga aliyofunikwa. Kisigino hakikuacha kugonga.

"Muombeeni basi," Félicité alisema. "Nyie ni watu wa misheni."

Nilisali. Baba Yetu nzima, kwa sauti, nikiwa nimeshika chupa. Mzee hakufungua mdomo. Alikuwa ameamini kabisa kwamba dawa ile haimfai, na mimi ndiye niliyemfanya aamini. Padre ningeweza kuendelea kuwa hadi jioni, na mzee angeendelea kuupiga ukuta.

Nikainama sikioni mwake.

"Mzee Niyibizi. Ile ya asubuhi yalikuwa maji. Dawa yako niliiba mimi, nikampa mwanangu. Hii ndiyo yenyewe."

Kisigino kilisimama. Akageuza kichwa, akanitazama muda mrefu, kama mtu anayetaka kuikumbuka sura yangu. Halafu akafungua mdomo.

Félicité alikuwa nyuma yangu na alikuwa amesikia. Hakunitukana. Alikichukua kijiko mkononi mwangu, akachukua na chupa.

"Nitampa mwenyewe," alisema. "Nyie nendeni."

Mzee alikufa siku tisa baadaye. Angekufa tu, kila mtu aliniambia hivyo, na ni kweli. Lakini ile Ijumaa haikuwa lazima aipate.

Khatibu nilimweleza Jumamosi asubuhi, nikauweka ufunguo wangu juu ya meza yake.

"Ungeniomba nusu," alisema. "Nusu mtoto, nusu mzee, mpaka gari lifike. Ningekwenda nawe kwa daktari muda ule ule."

Sikuwa nimefikiria nusu. Miaka yote hii nagawa dawa, na siku ile haikunijia.

Aliandika taarifa, kama alivyotakiwa, na jina lake mwenyewe akalitia kwa kosa la ufunguo. Mimi sasa nipo mapokezi, naandika kadi, nasubiri barua ya uamuzi. Kabati hufunguliwa na watu wawili waliosimama pamoja.

Godson nilimwambia yote siku ile ile. Alisikiliza akiwa ameikunja karatasi ya Padre Reverien kiganjani. Hakuichana. Alichukua kifutio akafuta sala mbili zilizobaki, akanirudishia, akaegemea mto.

Maumivu yamemrudia mara mbili tangu hapo. Juzi yalipomshika, nesi aliniletea kikombe nikampe, dawa halali, imeandikwa jina lake. Alikuwa anatetemeka, jasho limelowesha mto. Aliusukuma mkono wangu.

"Ya nani?" aliuliza.

"Yako."

Hakunywa mpaka Khatibu alipokuja kumwambia.