Mashimo Matupu ya Injinia Dishon

Handaki la maji lilipokuwa likichimbwa vilimani juu ya Othaya, miaka ya sabini, Theuri ndiye aliyekuwa mlipuaji, na imani yake ilikuwa moja tu: mwamba ukikaidi, ongeza baruti. Akilipua, vikombe vilianguka kabatini na ng'ombe wa jirani Kagure walizuia maziwa. Mchungaji Barnabas alikatizwa mahubiri mara nyingi hata akatamka kanisani kwamba sauti ya Bwana ni ile nyingine, si hiyo ya baruti.

Theuri alizichukua lawama hizo kama sifa. Lakini mle ndani dari ilimeguka ovyo, na siku moja jiwe likadondoka likamvunja bega Mutahi, mshika keekee ya kutobolea mwamba. Ndipo akaletwa injinia mpya, Dishon, kijana wa Maseno. Akaagiza yatobolewe mashimo manne makubwa katikati ya mwamba, yaachwe matupu.

"Tutoboe halafu tusiweke kitu?" Theuri akauliza. "Injinia, hiyo ni kama kuoa halafu unaenda kulala kwa mama yako."

"Mwamba ukivunjika unataka pa kwenda, mzee. Utaangukia hapo patupu. Mashimo yenye baruti yaliyo karibu nayo yatalipuka kwanza, ya nje yafuate kwa zamu, na ya pembeni kabisa tutayapa baruti kidogo tu."

Theuri akakubali, akitaka kumwona mgeni akiaibika. Alimwalika hata mchungaji aje kushuhudia. King'ora kikalia, kisha kikasikika kishindo kidogo cha mfululizo, kama tumbo la shemasi aliyeshiba githeri, mahindi na maharagwe.

"Imekufa hiyo," Theuri akasema, akacheka kuliko wote.

Moshi ulipotoka wakaingia. Kifusi kilikuwa kimelala chini, mawe madogo madogo ya kuzolewa kwa koleo. Dari ilipinda vizuri kama ganda la yai. Theuri akapitisha kiganja ukutani, na kicheko kikamkauka.

"Injinia," akasema mwishowe, "kesho unionyeshe vile unapanga hiyo zamu."

Jumapili alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa, akamsimulia Mutahi yote.

"Kwa hivyo ile kelele yote ilikuwa ya bure?"

"Ya bure."

"Na bega yangu?"

Theuri akavuta mfuko. Alimenya chungwa, akamlisha kipande kwa kipande, maana mkono wa mwenzake ulikuwa umefungwa kifuani. Mutahi akala, akadai la pili, kisha la tatu, akisema bega si kitu cha chungwa moja.