Wateja wa Adolphe

Kwa miaka mingi Cécile aliwalisha watu ambao hakuwahi kuziona nyuso zao. Mgahawa wao ulikuwa Kawale, mtaa wa mji mkuu wa nchi iliyowapokea, katika safu ya maduka yaliyotazama barabara. Jiko lilikuwa nyuma, limetengwa na ukumbi kwa ukuta wenye tundu dogo la kupitishia sahani. Upande wa pili wa tundu hilo alisimama mumewe, Adolphe, shati jeupe, kitambaa kimelazwa mkononi. Ujanani alikuwa mhudumu wa hoteli moja kule Bukavu, kando ya ziwa, na adabu za hoteli ile zilimwingia mwilini zisitoke tena. Vita vilimnyang'anya nyumba na ndugu, lakini uma aliendelea kuuweka kushoto na kisu kulia, hata kwa mteja aliyekuja kula kwa vidole.

"Mama Divin," angesema, ameinamia tundu kama anayenong'ona kanisani, "sombe moja na bugali. Samaki moja na wali."

"Njo inakuya," Cécile angejibu, na kijiko tayari kimo ndani ya sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

Aliwajua watu kwa vyakula vyao. Alimjua mpenda pilipili, alimjua asiyetaka kitunguu, alimjua yule aliyerudisha sahani imefutwa kwa tonge la mwisho mpaka ikang'aa. Saa ya chakula makarani wa ofisi za serikali za Capital Hill walifika wamebanana ndani ya gari la mmoja wao, na samaki waliisha siku hiyo hiyo. Jumapili, baada ya ibada, wakaja Wakongo wenzao na batoto babo, na kelele zao zikapenya tunduni pamoja na sahani tupu. Cécile alitoka Uvira mikono mitupu. Kelele zile zilimtosha kuwa nyumbani.

Kupungua hakukuja kwa kishindo. Kwanza Rémy fundi viatu, jirani wa mkono wa kushoto, alifunga mlango wake, akasema anakwenda kujaribu Area 23. Kisha Fidès, jirani wa mkono wa kulia, akauza vioo vya saluni yake kimoja kimoja. Mafuta ya kupikia yakapanda, makaa yakapanda, petroli ikawa ya kulalia foleni, na makarani wakaanza kubeba nsima yao, ugali wa huko, kutoka nyumbani ndani ya vibakuli. Halafu serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wenye biashara mijini warudi kambini Dzaleka. Wengi wakafunga virago. Jumapili zikapoa. Adolphe na Cécile walijikawiza, kama walivyojikawiza wengine, wakitumaini kwamba neno jingine lingetoka.

Ajabu ni kwamba tunduni Adolphe hakunyamaza.

"Mama Divin, sombe mbili. Maharagi moja."

"Bantu iko leo?"

"Iko. Ni bafundi ba nguo, baliniletea bageni."

Cécile alimshukuru Mungu, akaponda, akakaanga, akapakua. Sahani zilikwenda zimejaa zikarudi tupu. Lakini sikio la mpishi ni kama pua yake, halidanganyiki siku nyingi. Hakusikia viti vikiburutwa. Hakusikia mtu akikohoa wala akicheka. Na sahani zilizorudi zilikuwa na vumbi jembamba ukingoni, vumbi jekundu la barabarani. Aliliosha bila kuuliza, kwa sababu kuna maswali ambayo mtu huyaogopa kabla hajayajua.

Siku aliyoyajua, kosa lilikuwa lake. Alimpakulia mteja samaki akasahau ndimu, na samaki bila ndimu Cécile hakumkubali. Akaikata, akaita tunduni, kimya. Akaita tena. Basi akafuta mikono kwa kitenge chake, akazunguka nje, akaingia ukumbini kwa mlango wa mbele.

Hapakuwa na mtu. Meza zote zilikuwa zimetandikwa, vitambaa vimekunjwa pembetatu, bilauri zimefunikwa. Hakuna kiti kilichovutwa.

Alitoka barabarani, ndimu bado mkononi. Kwenye kituo cha minibasi, kati ya wapiga debe na wauza mboga, akaliona shati jeupe. Adolphe alikuwa amebeba sinia juu ya kiganja cha kushoto, usawa wa bega, mkono wa kulia umekunjwa mgongoni, mwendo ule ule wa Bukavu. Akasimama kwenye dirisha la minibasi moja. Akamtandikia dereva kitambaa magotini, akampa sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nyuma yake kijana mpiga debe alikuwa akiuiga mwendo wake, na wenzake wakicheka. Adolphe aliwaona. Alitabasamu kidogo, akasogea pembeni kwenye jua, akasubiri dereva amalize ili apewe sahani yake.

"Zikomo, abambo," dereva alishukuru, mdomo umejaa.

Cécile alijificha nyuma ya mafungu ya nyanya. Kwamba mumewe anauza chakula barabarani hakukumtia haya hata kidogo. Mama yake mwenyewe aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Uvira mpaka kufa. Kilichomchoma ni kwamba mtu huyu alikwenda kuchekwa kila siku, kisha akarudi tunduni na sauti yake ya hoteli, asimwambie. Alirudi jikoni kwa njia ya nyuma. Jioni wakala, wakasali, wakalala, naye hakutamka kitu.

Kesho yake Adolphe alipoinama na kusema, "Sombe mbili, samaki moja," hakupewa sahani. Alipewa mabakuli matatu yenye vifuniko, yamefungwa ndani ya kitambaa safi, fundo likiwa juu ili lishikike vizuri. Alitazama fundo lile muda mrefu.

"Hii ni ya nini, Mama Divin?"

"Jua iko kali. Na nzi. Chakula kinafika kwa bantu kimepoa."

Cécile aliona vidole vya Adolphe tu, vimeshika ukingo wa tundu.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Na haukusema."

"Na we haukusema."

"Nilisikia haya," Adolphe alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ya hoteli haikuwemo. "Unaamka na giza, unaponda sombe. Nikasema, mama huyu akisikia hakuna muntu ku meza, mikono yake itakufa."

"Mikono yangu haifi, Baba Divin. Lakini usinifiche tena. Kama ni haya, tubebe sisi babili."

Wakabeba wawili. Yeye mabakuli, mumewe sinia, maana sinia hakukubali kuliacha. Wapiga debe walimcheka Cécile siku ya kwanza. Siku ya pili akamuuliza yule mwigaji kama amekula, akampa tonge na maharagwe, na toka hapo kijana huyo ndiye aliyewaitia wateja. Kwa majuma kadhaa waliponea kituoni. Lakini safu ya maduka iliendelea kufa mlango kwa mlango, na kila juma ilisikika kwamba familia nyingine imepakia magodoro kwenye lori. Jioni moja wakakubaliana: bora wafunge wenyewe, wasingoje kufungiwa.

Siku ya mwisho walipika kidogo, kikaisha. Adolphe alianza kuvua vitambaa mezani. Ndipo Cécile akavua kitenge chake cha jikoni, akanawa, akapita mlango wa mbele kama mtu atokaye mbali, akachagua meza ya karibu na barabara, akaketi.

"Garso," aliita, kama mteja amwitavyo mhudumu.

Adolphe aligeuka. Kwa kitambo hakujua afanye nini na uso wake. Kisha akachukua kitambaa kimoja kati ya vile alivyokwisha kunja, akakilaza mkononi, akaja.

"Madamu anataka nini?"

"Kile kinabakia."

Kilichobakia ni ukoko wa wali na mchuzi wa samaki chini ya sufuria. Aliupasha moto, ukaungua kidogo, kwa sababu hakuwahi kupasha kitu moto maishani mwake. Akauleta juu ya sinia, akaweka uma kushoto na kisu kulia. Cécile alionja, akatafuna polepole.

"Iko namna gani?"

"Kimeungua."

"Nitamwambia mpishi."

Cécile alicheka, na kucheka kukamletea machozi, akayafuta kwa kitambaa cha meza. "Ikala, Baba Divin."

"Mhudumu haikalake na mteja."

"Resto imefungwa. Ikala, tukule."

Akaketi. Walikula sahani moja, wakitazama magari yakipita, na hakuna aliyeingia.

Dzaleka, mtoto wao Divin na mkewe Aline waliwajengea kibanda cha tofali kando ya nyumba yao, karibu na soko. Majuma ya kwanza Adolphe hakushika kazi yoyote. Aliketi mlangoni, shati jeupe limekunjwa ndani ya sanduku, akatazama watu wakipita na ndoo zao za maji. Cécile hakumsukuma. Alitoa sufuria nje, akaweka benchi, akapika sombe. Hakukuwa na ukuta wowote kati yake na walaji. Kijana mmoja wa Fizi, upande wa kwao Kongo, alipotia tonge la kwanza mdomoni akafumba macho, na Cécile, mama mtu mzima, alisimama na kijiko hewani akimkodolea macho, mpaka kijana akauliza kama kuna kosa.

"Hakuna, baba. Kula tu."

Wateja wa Dzaleka si wengi na mifuko yao ni myepesi. Kuna siku sufuria inabaki nusu, na familia inakula sombe asubuhi na jioni. Lakini asubuhi moja Cécile aliamka akasikia kishindo cha mchi nje, akadhani ni Aline. Alikuwa Adolphe. Ameinamia kinu, majani ya muhogo yametapakaa mpaka kwenye nyusi zake, anaponda kama mtu anayeua nyoka. Majirani walisimama wakicheka.

"Polepole," Cécile alimwambia. "Unainua mchi, unauachia. Uzito ni wake, hauko wako."

"Namna hii?"

"Njo namna hiyo."

Sasa ndiye anayeponda kila siku. Bado hajui kuupima moto, na haachiwi maharagwe peke yake. Cécile ndiye anayetoka mbele, anayewauliza watu wanakula nini, wametoka wapi, watoto wao wamelalaje. Jumapili iliyopita chakula kiliisha kabla ya mchana. Wakaosha vyombo wakisaidiana, wakafunga kibanda, wakaenda kanisani kusikiliza kwaya ya Aline.