Hapana Mbili

Shuleni kwetu Pioneer, Jumatano ni siku ya Kiingereza. Anayenaswa akiongea Kibukusu, Kinandi, Kiswahili au Kiingereza kibovu huvishwa monto, kibao cha mbao chenye kamba ya mkonge, na aliyevaa monto haendi safari yoyote ya shule wiki hiyo. Sheria ni ya mwalimu mkuu, Mwalimu Kipyego. Yeye mwenyewe akikasirika huongea Kiswahili, na hakuna wa kumvisha.

Jumatano moja alipita nje ya darasa kwaya yangu ikifanya mazoezi. Jumamosi tulikuwa tuende Nakuru kwenye tamasha la muziki. Wimbo wetu ulitungwa na watumwa weusi wa Marekani, na wajukuu wao wakauimba tena barabarani wakidai kupiga kura na kuketi popote kwenye basi. Unasema, kwa Kiingereza chao, "Sina hakuna bwana ila Mungu." Hapana mbili katika sentensi moja, kosa kwa Kiingereza cha shule. Mwalimu Kipyego akaingia na monto mkononi.

Shida ni kwamba monto ilikuwa moja na wanakwaya arobaini. Akamvisha Nanzala, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiongoza.

"Mwalimu Mideva," akaniambia, "hawa watu walifunzwa Kiingereza na nani?"

"Hakuna, sir. Walikatazwa kusoma."

"Inaonekana. Rekebisha hiyo grammar, ama huyu msichana abaki."

Bila Nanzala sisi ni watu thelathini na tisa wanaopiga kelele. Ametoka mji mdogo wa Turbo, na amevaa monto mara nyingi hadi darasani ameacha kuongea kabisa. Sauti yake tunaisikia akiimba tu. Lakini mwenye nguvu mpishe. Nilichukua chaki nikaandika upya ule mstari, kwa Kiingereza safi: "Sina bwana mwingine yeyote isipokuwa Mwenyezi Mungu." Tulipojaribu kuuimba, maneno yaliuzidi wimbo. Besi walifika kwa Mungu soprano wakiwa bado wanahangaika na bwana.

Nanzala hakufungua mdomo.

"Mbona huimbi?" Mwalimu Kipyego akamuuliza.

Akajibu kwa Kiswahili, maana monto alikuwa nayo tayari na hapakuwa na ya pili.

"Sir, hao walikuwa wanaomba. Hawakuwa wanafanya mtihani."

Niliona aibu, na sijui kama imeniisha hadi leo. Mimi, na diploma yangu ya muziki, nilikuwa nimesahihisha maombi ya mtumwa. Ningekuwa na kalamu nyekundu, pengine ningempa na alama.

Mwalimu Kipyego ni mzee wa kanisa, na mambo ya maombi huyachukulia kwa uzito. Alijikuna sikio.

"Na Mungu aliwaelewa? Na hiyo grammar?"

"Mungu alielewa, sir," Nanzala akasema. "Ni mabwana ndio walichukua muda."

Darasa zima lilikodolea macho madirisha. Mwalimu Kipyego alichukua dasta, akafuta ubao mwenyewe polepole, akajipangusa vumbi la chaki kwenye koti.

"Basi inatoka saa kumi na moja asubuhi," akasema. "Nanzala asichelewe."