Kikojozi wa Ghorofa ya Tisa

Baba Sorim alikuwa mwalimu mzuri, hilo hata wasiompenda hawalipingi. Miaka yote aliyokaa kiti cha pembeni akifundisha watu kuendesha magari pale Daejeon, Korea, hakuwahi kumfokea mwanafunzi, hata yule bibi aliyeparamia ukingo wa barabara akaingia na gari kwenye duka la maua. Kwa hiyo binti yao Sorim alipowaletea kijibwa cheupe, cha kuenea kwenye viganja viwili, ili wazee wasibaki wakinuniana peke yao nyumbani, kazi ya kumfundisha mahali pa kwenda haja ilimwangukia yeye. Mama Sorim asubuhi yote yuko sokoni kwenye kibanda chake cha vitoweo, sasa nani mwingine?

Wakamwita Mandu, maana akijikunja alilingana kabisa na mandu, andazi la nyama lililotoka kwenye mvuke.

"Nikuletee na kizimba, baba?" Sorim aliuliza kwa simu siku ile ile. "Wengi wanawafungia humo mpaka wazoee."

"Huyu kazaliwa kizimbani, kajinyea kizimbani. Kizimba kitamfundisha nini asichokijua? Niachie mwenyewe."

Na kweli alijua alichokuwa anasema. Alitandaza vile vitambaa vya haja, vya mraba, vya kunyonya maji, karibu sebule nzima ikawa nyeupe kama theluji imeanguka ndani. Mandu akiamka, anabebwa kitambaani. Akimaliza kula, kitambaani. Akichoka kurukia soksi, kitambaani, na mzee amesimama pembeni kimya, mikono nyuma, kama yuko kwenye mtihani wa kuegesha gari. Mambo yakikamilika: "Hewaa! Fundi wewe!" na kipande cha kiazi kitamu kilichokaushwa. Akikosea, mzee anapangusa kwa siki bila neno. Kila baada ya siku kadhaa akaondoa kitambaa kimoja, kisha kingine, mpaka majani ya miti ya barabarani yalipoanza kuwa manjano kikabaki kimoja tu karibu na mlango wa bafu. Mandu alikuwa anaamka, anajinyoosha, anakwenda mwenyewe, anazunguka, anamaliza, halafu anakuja kudai kiazi chake. Kafuzu. Mzee alitembea kifua mbele wiki nzima.

Bahati mbaya, mwili wake nao ulikuwa umeanza mambo yake.

Wanalala chini, kwenye magodoro membamba juu ya sakafu inayopashwa joto, na yeye siku hizi alilala chumba kidogo pamoja na Mandu, kwa sababu mkewe alisema anakoroma kama trekta. Alasiri moja aliamka kwenye usingizi wa mchana akahisi ubaridi mapajani. Alidhani amemwaga chai. Kisha akakumbuka kwamba hakuwa na chai. Alibadilisha suruali haraka, akailoweka kwenye beseni, akawa amesimama juu ya godoro akifikiria namna ya kulibeba mpaka roshani mkewe asilione, ndipo mlango ukalia na Mama Sorim akaingia na pua yake.

"Eh! Harufu gani hii? Mandu! Baba Sorim, si ulisema huyu amefuzu?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ni mimi. Maneno mawili tu, mtoto wa chekechea anayaweza. Badala yake akajisikia anasema, "Labda alibanwa."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ningependa kusema iliishia hapo, lakini haikuishia. Godoro lililowa tena, na tena. Mara ya pili alinyamaza tu akaacha mkewe aseme mwenyewe. Mara nyingine, na hii ndiyo iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki, alisikia lifti ikifunguka ghorofani, akamnyanyua Mandu aliyekuwa amelala zake kwenye jua la dirishani, akamweka katikati ya ule unyevu. Mandu akatikisa mkia. Alidhani anaanzishiwa mchezo.

Mama Sorim hakuwa mkatili. Ni mwanamke wa kumpa paka wa jalalani samaki mzima. Lakini alilelewa kijijini, na kijijini mbwa alifundishwa kwa njia moja. Alimshika Mandu shingoni, akamsukumizia pua kwenye godoro, akamtandika matakoni na gazeti lililokunjwa. "Hapa! Hapa ni choo hapa? Na mwalimu wako naye amekaa anakutazama!" Mandu alilia kilio chembamba. Baba Sorim alitazama chini kwenye vidole vyake vya miguu, nafsi inamsuta hadi masikio yanawaka, na bado hakusema.

Kwa nini hakusema? Rahisi kumlaani. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa kikojozi mpaka umri wa kwenda shule, na huko kwao kikojozi alivishwa ungo kichwani akatumwa nyumba kwa nyumba kuomba chumvi, ili kijiji kizima kijue. Aliwahi kutembezwa hivyo asubuhi ya baridi, mama mmoja jirani akamgonga ungo kwa upawa, watoto aliokaa nao darasani wakimfuata nyuma wakiimba. Tangu siku hiyo alijiapiza kwamba hakuna binadamu atakayemjua tena kwa jambo hilo.

Mila hiyo Mama Sorim aliiona kichekesho tu. Asubuhi moja, godoro likiwa limelowa tena, alichukua ungo mdogo wa kuchuja mboga akamfunika nao Mandu, masikio tu yanachungulia, akambeba hadi mlango wa pili kwa Mama Hyeok.

"Mama Hyeok, tumekuja kuomba chumvi! Nina kikojozi humu ndani!"

"Mamangu mimi!" Mama Hyeok alishika mbavu. "Na ndevu anazo! Ngoja nimletee chumvi ya mawe, huyu ya kawaida haimtoshi."

"Lete na upawa kabisa!"

"Baba Sorim, njoo umwone mtoto wako anavyokutia aibu!" Mama Hyeok aliita.

Baba Sorim alisimama mlangoni akacheka nao. Alicheka kwa sauti, alicheka hadi macho yakatoa maji, kwa kuwa asiyecheka huulizwa kulikoni. Picha ilipigwa ikatumwa kwa Sorim, naye akajibu kwa vikaragosi vya kucheka vilivyojaza kioo. Chini ya ungo Mandu alikuwa anatetemeka, na aliyeliona hilo ni mtu mmoja tu.

Wiki ile Mandu alibadilika. Kitambaani bado alikwenda, ila sasa alingoja Mama Sorim atoke kwanza. Akisikia viatu vyake vikivuliwa mlangoni aliingia chini ya kabati akakaa humo. "Anajua makosa yake," alisema Mama Sorim. Mzee aliinama na kipande cha kiazi kumwita, na Mandu akaja kwake, kwake yeye, akamlamba mkono. Angeng'atwa ingekuwa nafuu.

Kisha likaja la kuharibu mambo yote. Deok-su, mdogo wake Mama Sorim, mkulima wa Geumsan, angeleta kabichi za kimchi, ile achari ya kabichi ya majira ya baridi, na Mama Sorim alikuwa amekwisha kuzungumza naye.

"Atamchukua Mandu."

"Amchukue wapi?"

"Shambani. Akalinde ghala la mizizi ya jinsengi."

"Mama Sorim, yule ni mbwa wa kulinda? Panya akimpigia chafya anaanguka!"

"Basi akabweke tu. Mimi magodoro nimechoka kufua. Mgongo wangu huu nimeazima?"

Baba Sorim alilijua ghala lile. Aliwahi kumwona mbwa aliyekuwepo kabla, mkubwa, mwenye manyoya mazito, kwenye mnyororo usiozidi urefu wa mtu, na maji ya bakuli yameganda. Majira ya baridi ya mwaka uliopita yule mbwa hakuyamaliza. Alijua pia kwamba neno moja lingetosha kumwokoa Mandu, na kwamba mwenye neno hilo yuko hapa hapa anakula wali wake.

Deok-su alifika Jumamosi mchana na kabichi zake, mikono imepasuka kwa baridi, sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka shamba hadi shamba. Kabichi zikajaa bafuni. Walikula nyama ya nguruwe ya kuchemsha, wakanywa kidogo, na Mama Sorim akaleta boksi la kadibodi akamweka Mandu ndani pamoja na taulo kuukuu. Mandu hakubisha. Alikaa pembe moja, akajifanya mdogo zaidi ya alivyo.

"Haya, mwanajeshi," Deok-su alisema akichungulia. "Kule kwangu kojoa popote, nchi nzima ni choo chako."

Akainama kubeba boksi.

"Weka chini, shemeji," Baba Sorim alisema.

"Eh?"

"Weka chini. Si yeye."

"Si yeye nini?" Mama Sorim aliuliza.

"Godoro. Mkojo. Ni mimi."

Deok-su aliangua kicheko hadi akalazimika kuegemea ukuta. "Shemeji! Mapenzi gani haya! Mtu mzima unajipaka mkojo wa mbwa ili asiondoke!"

"Ni mimi," alirudia, na sauti ilimtoka nyembamba, ya kitoto. "Tangu mwanzo. Mara zote. Jana asubuhi pia. Siku moja nilimbeba nikamweka pale juu ili umkute. Mandu hajakosea hata mara moja tangu afuzu, Mama Sorim. Hata moja."

Kicheko cha Deok-su kilikatika, akaanza kutazama kabichi kule bafuni. Baba Sorim akangojea kelele, akangojea kuchekwa, vyote alikuwa amejiandaa navyo.

"Arobaini na miaka kadhaa nafua suruali zako," alisema Mama Sorim. "Ulidhani nitakufanya nini?"

"Niliona aibu."

"Uone aibu wewe, mimi nimpige?" Akaweka mkono mdomoni. "Baba Sorim. Mimi nimempiga. Nimempiga na gazeti. Nimemsukumizia pua kwenye, kwenye..." Uso wake ulikunjamana ghafla, na mzee akaelewa kwamba mzigo aliodhani anautua hakuwa ameutua, alikuwa amempitishia mwenzake.

Mama Sorim alipiga magoti mbele ya boksi. "Mandu. Mandu wangu. Njoo, mama hakujua. Njoo." Akanyoosha mkono polepole, kiganja wazi, kumpapasa kichwa.

Mandu aliuona mkono ukija. Masikio yakalala, tumbo likabanana na taulo, akafumba macho kabisa, na mkojo ukamtoka pale pale alipo. Ukalowesha taulo, ukapenya kadibodi, ukaanza kutambaa sakafuni kuelekea magoti ya Mama Sorim. Yeye hakusogea. Mkono ulibaki hewani, anaogopa kuushusha, anaogopa kuurudisha.

Baba Sorim alichukua kitambaa cha kupangusia akapiga magoti kando yao. Huu ndio ulikuwa mkojo wa Mandu kweli, wa kwanza nje ya mahali pake tangu afuzu, na huu pia ni mzee mwenyewe aliyemfundisha.