Honi ya Shemeji

Gari la umeme la Mustafa lilizimika kwenye mchanga, umebaki mwinuko mmoja tu kuingia Narung'ombe. Halikukohoa wala kutoa moshi kama gari lenye adabu. Lilinyamaza tu, kama lilivyonyamaza njia nzima toka Nachingwea.

Nyuma, chini ya khanga, alikaa mpwa wake Shakila, mwali anayetoka unyagoni. Mimi nilikuwa mbele, mzee wa kuomba lifti, maana miguu yangu haijapata kukubali kukaa mahali pamoja.

Kwao mwali hakanyagi chini mpaka mlangoni kwa mama yake, na wa kumfikisha ni mjomba. Anayemfikisha ndiye mwenye kauli juu yake mwaka ule. Mustafa alitaka arudi shule, kidato cha tatu. Baba mtu, Shaibu, alikuwa ameshamtafutia mume huko Mbwemkuru. Wawili hawa hata salamu hawakupeana.

Na Shaibu alitufuata toka asubuhi na pikapu lake la dizeli, kama fisi nyuma ya ng'ombe mgonjwa. Akashuka anacheka.

"Shemeji! Redio yako imeisha betri?"

"Umeme ulikatika gesti. Halikushiba."

"Hata kituo cha mafuta pampu zililala. Mimi nikanunua dumu kwa mtu. Dizeli inabebwa kichwani. Wewe umeme utaubeba na nini, na ungo?"

"Basi livute kwa kamba," nikamwambia Shaibu.

"Halivutwi," Mustafa akanijibu. "Mota itaungua."

"Halivutwi! Mbona hata mbuzi anavutwa?"

Mustafa akapandwa na hasira. "Mwakani naja na la hidrojeni. Linajaa mara moja, na nyuma linatoa maji matupu."

"Utalijazia wapi, kijijini Chunyu? Lije upesi, maji yenyewe tunayatafuta!" Shaibu akafungua mlango wa pikapu. "Haya, mpakie binti yangu humu nimfikishe mwenyewe. Au aive humo ndani."

Mustafa aliutazama ule mlango. Kisha akavua viatu vyake vya mjini, akachuchumaa kando ya gari lake.

"Panda mgongoni, mpwa."

Shaibu nusura aanguke kwa kicheko. Mwinuko ulipomkaza Mustafa, jasho likimchuruzika, Shaibu alimwandama polepole nyuma yake, mkono juu ya honi. "Hidrojeni hiyo! Inatoa maji!" Piii! Piii! Alitaka kila mtu atoke aione aibu ile. Mimi nilitembea kando, nakula moshi wake na kumlaani.

Watu wakatoka kweli. Hajra, mama wa mwali, aliisikia honi akatangulia mbio, na wanawake nyuma yake na ngoma. Wakamwona mwali juu ya mgongo wa mjomba, kama bibi zao walivyofikishwa kabla ya magari. Vigelegele vikapasuka. Shaibu akaachia honi, lakini tayari walishaijaza njia wanacheza, na pikapu halikupewa pa kupita.

Mustafa alimshusha mlangoni. "Huyu anarudi shule!"

"Tumesikia," Hajra akaitika.

"Na ahsante kwa honi, shemeji," Mustafa akamgeukia Shaibu. "Langu lingeingia kimya, nani angejua?"

Shaibu alitema mate dirishani, akageuza. Kule chini kwenye mchanga tulimwona akilisogelea gari la umeme, akalikwaruza ubavu mzima, makusudi.

Lenyewe halikusema kitu.