Bibi Nane ya Shemasi Michée

Michée hajapanda ndeke hata siku moja. Ninaanzia hapo, batu basikuye kunichanganyishia habari. Hajapanda. Hata boti anaiogopa. Akivuka ziwa kwenda Kilwa, ngambo ya Congo, anakaa katikati, macho amefunga, mikono yote mbili ku mbao, anaimba zaburi mpaka chini ya boti iguse muchanga. Lakini kila miezi tatu barua ilikuwa inamufikia ku posta ya Nchelenge, karatasi muzuri ya kuteleza, na juu yake kampani ya ndeke ilimuandika: "Musafiri wetu mupenzi."

Musafiri! Wapi!

Miye ni Delphine. Ninauzisha chisense pa soko ya Kashikishi, ile samaki kadogo ya kukausha, na niko na munwa. Batu banasema vile, na habakosei.

Ile miaka, mbele ya vita ya pili ya kwetu, tulikuwa banamuke nane, bote tulitoka ku Congo, bote tunauzisha samaki. Kila mwezi tulikuwa tunachanga, na mumoja wetu anapanda ndeke ku Ndola, anakwenda Johannesburg, anarudia na viatu, na nguo, na nywele ya kushona. Michée, shemasi wa kanisa yetu, njo alikuwa anatutafutia tiketi. Anajua Kingereza. Anajua kufunga kravati. Anajua kumuchekea musichana wa biro ya ndeke mpaka tiketi itoke. Siye tulijua paka samaki tu.

"Bamama, mukae kimya, nitapanga yote," alikuwa anasema, na siye tulikaa kimya. Kila safari tulimupatia na gunia ya chisense juu ya kazi yake. Tulimuchukulia mpaka ku mulango, ku kichwa, tukimushukuru. Bajinga gani!

Kitu moja alitukazia sana. "Mukirudi, munirudishie kale kakaratasi banawakatia pa mulango ya ndeke. Kampani inataka kuona kama mulirudia kweli."

Nani angeshangaa? Siye batu ya ziwa tumezoea. Ukivuka kwenda Kilwa, boma inakupa karatasi, ukirudia, unairudisha, ukikosa, batu ya immigration banakutafuta mpaka ku nyumba. Basi tule tukaratasi ya ndeke tulituchunga kuliko hata franga. Mwenzetu mumoja, mama Mwaba, kake kaliangukia mu choo ya Johannesburg. Alilia siku mbili, akifikiri atafungwa. Michée akamukemea, kiisha akamupigisha magoti, akasema atamuombea musamaha ku kampani. Yule mama alimupatia na kuku.

Jessica njo alitufungua macho. Ni mutoto wa hapa, Mubemba, anafanya kazi ku posta, na Kiswahili alijifunzia kwetu pa soko. Siku moja barua ya Michée ilifika bahasha imepasuka na mvua. Nilikuwa pale ku dirisha yake, nanunua tembre ya kubandika ku barua.

"Mama Delphine," akaniuliza, "weye ni bibi ya ndoa ya shemasi Michée?"

"Miye? Mayo! Mutoto, usinitukane asubuhi."

"Hapa inaandikwa."

Akanisomea. Hii kampani inatoa karte. Ukipanda ndeke yao, banahesabu maili ya njia na kuziandika ku karte yako. Maili zikifika kipimo, banakupa safari ya bure. Na batu ya familia yako bakipanda, maili yao inaingia ku karte ile ile, paka utume tu tule tukaratasi tunakatwa pa mulango. Bon. Michée alijaza fomu ya familia. Bibi: nane. Majina yetu yote, moja moja, miye niko wa tatu. Na bazungu ya kampani bakaamini. Mwafrika huyu, atakosa bibi nane?

Wa kwanza ku ile orodha ni mama Clémentine. Clémentine! Mujane wa miaka saba, mutu hata kumushika mukono unafikiri kwanza. Na chini ya bibi bote ilikuwa: mutoto, Arlène. Ni mutoto ya Clémentine, yeye moja tu, anasuka nywele ku Johannesburg. Michée alimukatia tiketi ya kwenda, akamuzaa mu karatasi.

Tulikwenda kumuona, siye bote nane. Mulifikiri alisikia haya? Alitukalisha chini sawa batoto ya shule ya yenga ku kanisa.

"Bamama, maili ilikuwa inaanguka chini bure. Miye nimeokota. Samaki ikiruka yenyewe mu boti, mutasema ni ya nani?"

"Samaki ni yetu," nikamwambia. "Siye njo tulitapika mu ile ndeke."

"Imebaki safari moja tu," akasema, na akainua kidole moja, macho inang'aa. "Moja! Kiisha miye pia nitapanda, nitakwenda ku konferansi ya bashemasi."

Hapo njo tulikosea, na ninasema wazi: tulicheka. Tulicheka mpaka machozi. Pa soko tukaanza kuitana, "Bibi wa tatu, niazime chumvi," "Bibi wa tano, bwana yetu amekula?" Clémentine tu hakucheka. Tulimudharau Michée, tukafikiri dharau inatosha, na tukamuacha na karte yake na kazi yake.

Majuma mbili kiisha, mbele ya safari ingine, siku ya yenga, tukitoka kanisa, Jessica alikuya mbio, kiatu moja ku mukono. Simu ililia ku posta. Arlène alikuwa mu hospitali, Johannesburg. Damu inatoka, haisimami, na baganga banasema mama akuye haraka.

Clémentine alimuuliza kitu moja tu. "Bado anasema?"

"Anasema, mama. Anakuita."

"Basi nitamukuta anasema," akajibu. Hakutaka kitu ingine mu dunia hii. Viza alikuwa nayo, ya safari ya nyuma. Chakula ya mchana haijapoa, alikuwa amekwisha kumuuzishia Goodson, muvuvi mumoja, mota ya boti yake, ile alinunua kisha bwana kufa, ile ilikuwa inamulisha. Goodson alimupunja, na yeye hakubishana. Michée alisimama pembeni, kravati ku shingo, anasema, "Nitakusindikiza mpaka Ndola, mama, tiketi uniachie miye." Na tulimubariki. Miye mwenyewe nilimubariki, na huu munwa yangu.

Mwewa, mwenye kubeba samaki yetu ku Copperbelt, aliwapakia mu kamyo yake. Bakafika Ndola kesho yake, siku ya kwanza ya juma, asubuhi. Michée akaingia mu biro ya tiketi peke yake, akatoka, akatikisa kichwa.

"Nafasi hakuna, mama. Paka siku ya ine."

Clémentine alibakia pa stasio ya basi, juu ya muzigo yake, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Aliogopa kwenda mbali, ndeke isimuache. Siku ya ine akapanda. Alipofika ku hospitali, alikuta kitanda ya Arlène imetandikwa shuka mupya, na mutu mwengine amekaa juu yake anakula supu. Arlène alikufa siku ya tatu, saa sita ya mchana. Muganga mumoja alimuambia kama mutoto alisema mpaka mwisho, na alikuwa anaangalia mulango.

Balimuzika kule kule, franga ya kuleta maiti haikukuwa. Clémentine alirudia kisha majuma mbili, na muzigo ya nguo ya mutoto, na kisanuo yake ya kusukia. Tukatandika mikeka, tukakaa naye chini. Kilio ni kilio, hata maiti ikibakia mbali.

Siku ya pili ya kilio Mwewa alifika toka Ndola. Hakuingia. Aliniita inje, nyuma ya nyumba, na akaongea akiangalia miguu yake.

"Dada Delphine, nilipelekea yule musichana wa biro ya tiketi samaki yake. Ameniuliza, ule mama alimukuta mutoto? Nikamwambia hapana. Akashika kichwa. Anasema nafasi ilikuwa siku ya pili, ku kampani ingine, bei ile ile. Alimuambia Michée. Michée akakataa. Akasema, ile haina maili yangu."

Nilimuuliza mara mbili, nikifikiri sikusikia muzuri. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia baridi.

Niliporudia ndani, Michée alikuwa amekwisha kufika. Kravati, Biblia, viatu ya kung'aa. Aliomba maombi murefu, Mungu mwenyewe alichoka, na banamuke bakajibu amina. Kiisha akainama karibu na Clémentine, na miye nilikuwa pembeni, bega ku bega, nikasikia kila neno.

"Pole sana, mama. Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Akainama zaidi. "Kale kakaratasi ya ndeke, ulikachunga?"

Mama yangu! Nilisimama. Kilemba ilianguka, nikaiacha.

"Nafasi ilikuwa siku ya pili!" nikalia. "Batu bote basikie! Siku ya pili ndeke ilikuwa, bei ile ile, na huyu aliikataa juu haina maili yake! Alimukalisha mama ya mutu pa stasio siku tatu, juu ya maili!"

"Dada Delphine, tulia, tuko mu kilio," Michée akasema. "Ile kampani ingine ndeke yao ni ya zamani. Miye niliangalia usalama ya mama."

"Weye unajua nini ya ndeke? Weye unaogopa boti!"

Clémentine akainua mukono yake. Nikakaa chini.

"Michée," akasema, pole pole. "Siku ya pili nafasi ilikuwa?"

"Mama, uelewe, habari ya ndeke ni..."

"Ilikuwa ama haikukuwa?"

"Ilikuwa," akasema. "Lakini..."

Clémentine hakungoja lakini. Akashika pembe ya kitenge yake, pale banamuke tunafungia franga, na akaanza kufungua fundo. Ilimuchukua wakati, na hakuna mutu alimusaidia. Akatoa kale kakaratasi. Alikuwa amekachunga. Na mutoto amekufa, na yeye mwenyewe nusu ya kufa, alikachunga, juu batu ya ziwa tunarudisha karatasi.

"Mu fomu yako Arlène ni mutoto yako," akamuambia. "Weye njo baba yake. Baba hakulala chini hata siku moja. Hakukata nywele. Hakulia. Lakini baba ni baba, hatuwezi kumunyima urithi yake." Akamunyooshea. "Twaa."

Batu bote balikuwa banaangalia. Mama Mwaba alifunika uso na mikono. Miye nilifikiri sasa atasikia haya, atakimbia, atapiga magoti, hata yeye, hata Michée.

Alinyoosha mukono akakachukua. Akakageuza ku mwangaza ya mulango, akaangalia kwanza kama namba inasomeka muzuri, kiisha akakaweka mu Biblia.